Prosesa ya Shemeji

Kompyuta yangu ilianza kuugua mwaka ule dada yangu alipoachwa, na mimi, kwa roho yangu ilivyokuwa, nilishughulishwa zaidi na kompyuta.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sina mke, nina kazi ya kuandika stakabadhi kwenye ghala la mbao mpaka saa nane mchana, na baada ya hapo sina kazi nyingine duniani isipokuwa gemu. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mezani, ya mtumba, iliyoingia kisiwani ndani ya kontena pamoja na majokofu na magodoro. Niliiunga upya kipande kwa kipande kwa miaka minne. Kadi ya picha niliibadilisha. Ram niliongeza. Feni yenye taa nilitia kwa ubishoo tu, maana ilikaa chini ya meza ambako hapana aliyeiona. Kilichobaki cha zamani ni madabodi, ule ubao mkuu unaounga vipande vyote, na prosesa, ubongo wenyewe. Gemu la mpira liliganda kila mpira ulipofika golini: mshambuliaji ananyanyua mguu, picha inasimama, na ikirudi mpira umo mikononi mwa kipa. Gemu la vita lilikuwa baya zaidi. Nilikuwa nakufa kabla ya kumwona aliyeniua.

Watu wasiocheza hawajui kuwa katika kubadilisha prosesa kinachosumbua ni wakati kuliko kitu chenyewe. Ukibadilisha mapema umetupa kizima. Ukichelewa, toleo linaloingia kwenye madabodi yako limekwisha madukani, na hapo huna budi kutafuta madabodi mpya na ram mpya, yaani umeshanunua kompyuta nyingine huku ukijidanganya kuwa umetengeneza ile ile. Madabodi yangu ilikubali toleo moja tu lenye nguvu kuliko langu, la mwisho katika ukoo wake. Niliahirisha mwaka mzima, kila mwezi nikisema mwezi ujao. Nilipokata shauri, halikuwepo tena. Nililitafuta Darajani, nikalitafuta Michenzani, nikauliza mpaka kwa vijana wanaoagizia Dubai. Hakuna. Mahali lilipokuwepo nilipajua. Lilikuwa dukani kwa shemeji, Mwanakwerekwe, na dukani kwa shemeji mama alishanikataza nisitie mguu.

Shemeji huyu ndiye aliyemwacha dada. Alikuwa akiuza kompyuta za mtumba, na kabla ya kuwa shemeji alikuwa rafiki yangu wa kucheza naye. Alikuja kwetu kwa ajili ya gemu akaondoka na dada yangu. Mchangamfu mtu yule. Barazani watu walikuwa wakicheka hata kabla hajasema neno. Nyumbani kwake alikuwa mtu mwingine. Dada aliolewa akiwa mwaka wa pili chuoni Tunguu, na makubaliano yalikuwa amalize masomo. Hakumaliza. Kwanza mumewe alimwambia apunguze siku za kwenda, kisha akamfichia kitambulisho, mwisho akawa kila akitoka anafunga mlango kwa nje na ufunguo anautia mfukoni. Siku moja dada alipiga kelele dirishani mpaka jirani akaja na msumeno akakata kufuli. Shemeji aliporudi aliona amefedheheshwa, akamtamkia talaka moja pale pale mlangoni, jirani bado kashika msumeno wake. Dada akachukua begi moja akarudi kwetu Mpendae. Mama alisali rakaa mbili za shukrani.

Lakini talaka moja si talaka tatu. Anayeijua sheria yetu anajua, na asiyeijua nitamweleza. Maadamu mwanamke yumo edani, yaani katika kipindi cha kungoja baada ya kuachwa, mume aliyemwacha kwa talaka moja anaweza kusema mbele ya mashahidi kuwa amemrejea mkewe, na mambo yakawa yamekwisha. Mwanamke haulizwi, walii wake, mwanamme wa kumwozesha, haulizwi, wala mahari mapya hayatolewi. Eda ikisha, mlango umefungwa; akimtaka tena aje kuposa kama mwanamme mwingine yeyote, na mwanamke akitaka atakubali, asipotaka atakataa. Na eda ya mwanamke anayeona siku zake haihesabiwi kwa miezi kama wengi wanavyodhani. Inahesabiwa kwa tuhuri tatu, vipindi vitatu vya usafi, na cha tatu hukatika damu ikionekana tena, na siku za dada zilikuwa za kuchelewa, mara nyingine mwezi na nusu mzima hazijaonekana. Kwa hiyo miezi mitatu ilipita, ukaingia wa nne, na dada bado yumo edani, na aliyejua hivyo ni yeye na mama tu.

Na mimi. Nyumba yetu ina vyumba viwili na ukumbi, na baina ya ukumbi na chumba cha mama pana pazia. Sikutega sikio. Lakini sikuliziba pia.

Dada alikuwa akiisubiri siku ya eda kwisha kama wenzake wanavyosubiri mwezi wa Iddi. Chuo kilimkubalia arudi, barua ilishakuja, muhula unaanza mwezi ujao. Alikuwa ameshaanza kujisomea, na kwa kuwa kompyuta nyumbani ilikuwa moja, alikuwa akisomea yangu. Asubuhi sikuwa na neno. Lakini nilikuwa nikirudi saa nane na jua langu la kichwani nikamkuta bado kakaa, kajifunga ushungi, daftari gotini, na kalamu ameitia mdomoni kama msichana wa skuli.

"Dada, n'pishe."

"Subiri nimalize ukurasa huu."

"Ukurasa huu tangu jana."

"Basi ukurasa ni mrefu." Hakugeuka. "Hebu tia mkono hapa. Yaunguza. Tangu uinunue hujaisafisha, na juu yake pana kitambaa cha mama. Wataka prosesa ya nini? Ifungue uifute vumbi."

Mama alikuwa na ugonjwa wa vitambaa vya kufuma. Jokofu lilivaa, redio ilivaa, na kompyuta yangu ilivaa kitambaa cheupe kilichofunika matundu yote ya juu. Dada alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikamwambia mtu aliyerudi na begi moja hanifundishi mimi kompyuta. Nikaona haitoshi. Nikamwambia, "Mwenyewe ulirejeshwa kama kitu kibovu kinavorejeshwa dukani."

Aliitoa kalamu mdomoni. Nilitaraji alie, na nasema kweli, nilitaka alie.

"Ningelikuwa na ndugu mwanamme," akasema taratibu, "asingelikuja jirani kukata kufuli. Siku ile nilikupigia wewe kwanza."

Ni kweli alinipigia. Simu ililia mara tatu, nikaiona, nikaigeuza kifudifudi mezani kwa kuwa nilikuwa kipindi cha pili na nimefungwa mbili moja. Sikujua kuwa anajua. Nilidhani anafikiri simu ilikuwa haina chaji, kama nilivyomwambia. Miezi ile yote alikuwa akijua, ananitilia chai, ananifulia kanzu, na anajua. Sikumwomba radhi. Nilimchukia. Hapana kitu kinachochukiza kama mtu uliyemkosea akakustahamilia.

Siku ya Jumatano nikatoka kazini nikaenda Mwanakwerekwe.

Duka la shemeji lilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya soko, baina ya muuza viatu na fundi cherehani. Alikuwa amekaa juu ya kasha la televisheni, anazungumza na muuza viatu, na mzee mmoja mwenye kofia ya viua alikuwa akisubiri kompyuta yake ya mkononi itafutiwe chaja mpya. Shemeji aliponiona aliacha kuzungumza. Alikuwa amekonda. Ningesema nilimhurumia, lakini macho yangu yalikuwa yameshapanda kwenye rafu ya nyuma.

"Toleo lile bado unalo?" nikauliza. Sikutoa hata salamu.

"Ninalo." Akainuka, akalitoa ndani ya kipande cha sponji, akalishika kwa ncha za vidole nilione. Dogo kama biskuti. "La mwisho hili. Hulipati tena kisiwa kizima."

"Basi nifanyie vizuri."

Akacheka, lakini si kwa furaha. "Ningekupa bure, wallahi, zamani zile. Sasa hivi wewe si shemegi yangu tena. Dada'ko eda yake ishakwisha tangu mwezi uliopita, nilihesabu kwa vidole. Sasa wewe mteja kama mteja mwengine. Bei ni ya watu."

Hapa ndipo nataka nisimame kidogo, kwa sababu watu wa nyumbani wameniuliza mara nyingi kama niliropoka. Sikuropoka. Ulimi hauna mfupa, wanasema, nao wananitafutia udhuru kwa wema wao. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nilimtazama mtu yule nikaelewa kuwa amehesabu miezi, kwamba amekosea, na kwamba kukosea kwake ndiko kunakomsalimisha dada yangu. Niliyaelewa yote hayo kabla sijafungua kinywa. Nikaitazama tena ile sponji.

"Nani kakwambia mimi si shemegi yako?" nikasema. "Eda haijesha."

"Haijesha?"

"Bado. Siku zake huchelewa. Kwani hujui? Si mkeo?"

Muuza viatu akakaa sawasawa. Shemeji akawageukia wale wawili na sauti yake ikawa ya mtu mwingine.

"Nishuhudieni. Nimemrejea mke wangu."

Akataja jina la dada na jina la marehemu baba yetu, asiache nafasi ya shaka. Mzee mwenye kofia akasema, "Tumeshuhudia," kama anavyoitikia mtu aliyezoea kuitwa kushuhudia mambo. Shemeji akanitia sponji mkononi, akanifunga vidole vyangu juu yake kwa mikono yake miwili. Hakutaka chochote. Machozi yalikuwa yakimlenga. Mimi nilikuwa nawaza kama vibandiko vidogo vya shaba chini ya prosesa havijachafuliwa na jasho.

Nyumbani sikusema kitu. Nilisubiri dada aondoke mezani kwenda kusali alasiri, nikazima kompyuta, nikaondoa kitambaa cha mama na kuufungua ubavu. Vumbi lilikuwa limejaa kwenye feni ya prosesa kama sufi ndani ya mto. Niliichomoa feni ile ikatoka na tabaka zima, na chini yake ile dawa nyeupe inayopakwa ili kupoza moto ilikuwa imekauka na kupasuka kama chokaa ya ukuta wa zamani. Ningeweza kuifuta, nikapaka dawa mpya juu ya prosesa ile ile ya zamani, nikawasha nikaona. Nusu saa ingetosha kujua nani alikuwa mkweli, mimi au dada. Sikutaka kujua. Nilichomoa ya zamani nikatia mpya, nikafuta vumbi lote, nikapaka dawa, nikafunga.

Ikaenda. Mwenyezi Mungu anisamehe, nilifurahi. Mpira ulifika golini, mguu ukanyanyuka, na goli likaingia bila ya picha kutetereka. Dada alirudi kutoka kusali akasimama nyuma yangu akatazama. "Afadhali," akasema. "Kesho na mimi ntaipata nyepesi." Siku ya pili, Alkhamisi, aliipata nyepesi, na jioni nikamsikia nyuma ya pazia akimwambia mama zimebaki siku nne tano, kwa dalili anazoziona. Mama akamwambia, "Inshaallah mwanangu, usiku mmoja mmoja."

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, shemeji akaja. Alikuja na muuza viatu na yule mzee mwenye kofia, wote watatu na kanzu safi. Mama ndiye aliyefungua mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akasema, kwa kuwa marahaba hainyimwi mtu. Lakini hakusogea mlangoni.

"Nimekuja kumchukua mke wangu. Nshamrejea tangu juzi. Mashahidi hawa hapa."

"Huna mke hapa. Eda ishakwisha."

Mama aliusema uongo ule bila ya kupepesa. Yule mzee akakohoa, na mama, kwa heshima ya umri wake, akawapisha; wakavua viatu wakaingia ukumbini. Alikuwa mtu mpole, naona hata safari yenyewe hakuipenda. "Bibi," akasema, "katika jambo hili kauli si yako wala si ya mume. Ni ya mwenyewe mwanamke. Akisema imekwisha, basi imekwisha, na sisi tutarudi tulikotoka."

Dada alitoka chumbani, kajitanda, akasimama kando ya pazia. Dada yangu alikuwa mtu wa kurudi dukani kurudisha kiberiti alichopewa kwa makosa. Utotoni alikuwa akipigwa badala yangu kwa kuwa mama akiuliza nani kavunja, mimi nanyamaza, na yeye hajui kusema uongo, husema tu kuwa anamjua aliyevunja lakini hamtaji. Niliuona mkono wake ukilishika pazia.

"Ishakwisha," akasema.

"Lini, mwanangu?" mzee akamwuliza.

"Wiki ilopita."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaitengeneza kofia yake. "Basi. Mwanamke kasema." Akamshika shemeji mkono wa kumtoa. Muuza viatu alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Zilikuwa zimebaki hatua tatu za kuuvuka ule mlango, na dada yangu angekwenda Tunguu.

Shemeji hakutoka. Aligeuka akanitazama mimi, niliyekuwa nimekaa kwenye kiti changu mbele ya kompyuta, mgongo kwa meza.

"Shemegi. Wewe uliniambiaje juzi?"

Mama alinigeukia taratibu. Sikuwahi kuuona uso ule kabla ya siku ile. Dada hakunitazama; alitazama sakafu, akisubiri. Yeye ndiye aliyenilea mama alipokuwa akienda sokoni, na sasa, kwa kuwa baba alishafariki na mimi ndiye mwanamme, nilikuwa walii wake. Maneno mawili yangetosha. Nilikosea. Au hata moja. Lakini ningekuwa muongo mbele ya wanaume watatu, na shemeji angedai kitu chake, na kitu chake kilikuwa kinazunguka chini ya meza nyuma ya miguu yangu, nakisikia. Na juu ya hayo yote, nitaandika ukweli maana nimeshachoka nao: nilikuwa sijamsamehe kwa kujua habari ya simu.

"Bado," nikasema. "Jana nimemsikia akimwambia mama zimebaki siku nne tano."

Mzee akasema astaghfirullah. Alinitazama mimi, si dada, na ilikuwa wazi kuwa neno lile ni langu. Akavua viatu tena akarudi ndani, akakaa mkekani kama mtu aliyechoka ghafla. Dada alilia kidogo tu, bila sauti, akaingia chumbani. Tulimsikia akifungua kabati. Alipotoka alikuwa amevaa buibui na begi ni lile lile. Akapiga magoti mbele ya mama, akambusu mkono.

"Niombee msamaha kwa Mungu, mama. Nimesema uongo."

Dada akainuka akapita mbele yangu. Nilivuta miguu ili apite.

Jumamosi nilicheza. Jumapili pia. Mama alipika, akaniwekea chakula, akaondoka. Barua ya chuo ilikuwa imebaki mezani chini ya daftari. Niliisogeza upande, kisha sikuiona tena, naona mama aliichukua. Nyumba ilikuwa kimya na kompyuta ilikuwa yangu tangu saa nane mpaka nitakapochoka, kama nilivyotaka.

Jumanne jioni nilikuwa kipindi cha kwanza, ninaongoza, picha nyororo kama maji ya mtungi. Mama alisimama mlangoni mwa ukumbi na simu yake mkononi. Nikadhani ananiita chakula.

"Dada'ko kanipigia," akasema. "Leo ndo ingekwisha."

Nikapunguza sauti ya gemu. Akarudi jikoni, nami nikakaa na sauti nimeipunguza, wachezaji wangu wakiendelea kukimbia, mpaka wale wa upande wa pili wakanifunga.